Mti Umepita Paa

Nyumbani,
kwenye dirisha la bustani.
Jumanne, tarehe 14, mwezi wa tatu.

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Nakusalimu kwa mkono unaotetemeka, lakini usidanganyike na mwandiko. Kichwa bado kinajua koma inakaa wapi. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Mgongo wake umetulia baada ya ile baridi uliyoniandikia? Na yule mjukuu mdogo, ameacha kuficha miwani yako ndani ya viatu? Usinijibu kwamba wote hawajambo kisha ukaweka nukta. Nieleze mmoja mmoja, maana siku hizi nina nafasi ya kusikiliza habari kuliko nilivyokuwa nayo nilipokuwa na macho mazuri.

Mimi sijambo kwa kiasi cha miaka themanini. Natoka kitandani hadi dirishani, natoka dirishani hadi kwenye kiti cha mlango wa jikoni, na hiyo ndiyo safari yangu ya siku. Chai naimaliza. Usingizi ninao. Meno ninayo kumi na tisa, na kila moja nalijua tabia yake.

Mwezi uliopita daktari alinisikiliza kifua kwa muda mrefu, kisha akaanza kuyasifu hayo meno. Yule nilimfundisha biolojia mimi mwenyewe, nikajua mara moja ananipiga chenga. Nikamwambia, "Daktari, jibu swali lililoulizwa." Akacheka kidogo, akavuta kiti, akajibu. Moyo umechoka. Tuhesabu miezi, miaka tuiache. Nilimpa alama zote kwa kusema kweli, nikarudi nyumbani na hamu ya kula embe.

Usilie juu ya karatasi, wino utachuruzika. Nimeipokea habari hiyo vizuri kuliko nilivyodhani. Ila imenikumbusha kwamba nina jambo la kukiri kwako, nalo ni zito, na linauhusu mkaratusi wako. Nitalifikia. Nimefundisha miaka mingi, na najua ukiweka swali gumu mwanzo wa karatasi mwanafunzi anatupa kalamu. Ngoja nikupe kwanza mepesi.

Mshonaji aliyepanga chumba cha mbele, yule tunayemwita Mama Vifungo kwa kuwa hata ndani ya sukari yake utakuta kifungo, amekuwa kwangu kama binti. Ndiye anayenisomea barua zako macho yakigoma, na ndiye anayenigombeza nikisahau vidonge. Cherehani yake inaamka kabla yangu. Wewe ungesema ni kelele. Mimi niliishi miaka mingi katika nyumba hii nikisikia saa ya ukutani tu, kwa hiyo naona ni muziki.

Mwezi wa kwanza paa lilivuja juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, mkono mmoja wa suti ya bwana harusi ukaharibika. Tukamwita fundi wa paa, mtu mzima mpole, mwenye miguu mirefu kama ngazi yake. Akaziba. Wiki iliyofuata akaja kuangalia kama pameziba. Wiki ya tatu akaja kuhakikisha kwamba alipoangalia aliangalia vizuri. Sasa ni kiangazi, wingu halionekani, na paa letu linavuja kila Ijumaa.

"Fundi," Mama Vifungo alimwambia juzi, pini zikiwa mdomoni, "hivi paa hili linavuja maji, au linavuja wewe?"

"Inategemea aliyeko chini ni nani," akajibu kutoka juu ya ngazi.

Nilicheka mpaka moyo ukanionya. Huyu mwanamke anajua kukata kitambaa bila kupima, lakini alikata kile cha siku hiyo mara mbili.

Basi huyo fundi ndiye aliyenifanya nichukue kalamu. Ijumaa ile ya kwanza, akiwa juu kabisa, ameweka mguu huku na huku kwenye kofia ya paa, aliniita. "Mwalimu, unajua mti wako umenipita? Nimesimama kileleni na bado nauangalia kwa kuinua shingo."

Nilijua. Nilikuwa najua tangu mwaka jana, nikanyamaza. Lakini sasa limesemwa kwa sauti, juu ya paa, na mtaa mzima umesikia.

Nimechoka. Nitaendelea kesho.

Jumatano.

Nimelala vizuri. Nimekunywa chai na mkate, na Mama Vifungo amenifunika miguu kwa kitambaa cha gauni la mteja, akasema mteja hatajua. Sasa nisome kwa makini.

Unaikumbuka asubuhi ulipoondoka, miaka thelathini na minane iliyopita? Nitaiandika kama nilivyoiona mimi, nawe unisahihishe.

Baba alikuwa amezikwa miezi minne, na nyumba ikawa yetu wawili. Wewe ulitaka kuvunja ukuta wa jikoni uweke karakana yako ya useremala. Mimi nilitaka kila tofali libaki lilipoachwa. Hatukupigana. Tulifanya baya zaidi, tuliacha kusalimiana siku tisa, ndani ya nyumba moja, tukiandikiana vikaratasi mezani kama ofisi mbili. "Chai iko kwenye chupa." "Chumvi imekwisha." Vyako nilivisahihisha herufi kwa kalamu nyekundu kabla ya kujibu, na hilo nalo naomba radhi, japo hairuhusiwi kuandika "chunvi".

Kisha ukapata kazi mbali, kwenye kiwanda cha samani. Siku ya kuondoka ulikuja bustanini na mche wa mkaratusi ndani ya kopo la maziwa, na misumari mitatu mdomoni kama kawaida yako. Ulihesabu hatua mbili kutoka ukutani, ukachimba shimo la kina cha goti, ukalainisha udongo kwa vidole, ukaupandikiza mche na kuumwagia ndoo mbili za maji. Mimi nilikuwa dirishani, nikijifanya nafuta vumbi. Ukatoa misumari mdomoni, jambo ambalo hukulifanya ila ukiwa na neno la maana.

"Dada, kaa na nyumba," ulisema. "Mti huu ukipita paa nitarudi, tukae mezani tuzungumze kama watu wazima. Kabla ya hapo sirudi."

Angesema mtu mwingine, ningehesabu ni hasira za asubuhi. Lakini wewe nakujua. Ulipokuwa na miaka saba ulisema hutakula yai mpaka jogoo aliyekudonoa aombe radhi, na hukula yai mpaka ulipooa.

Nilisema moyoni, mti si jambo la leo wala kesho. Mwalimu wa biolojia mzima, nikasahau mkaratusi hauna adabu ya miti mingine. Nilipalilia shina lake kwa duara, nikauwekea mboji, nikaumwagilia kila jioni kiangazi cha kwanza, kwa sababu mti haukuwa umenikosea. Miezi sita ukafika kifuani pangu. Mwaka haujaisha ukanipita kichwa. Mwaka wa pili tawi la juu likaanza kukwaruza ukingo wa bati, na kila upepo ulipovuma nilisikia wewe unabisha hodi.

Nilihofia nini? Nitakuambia bila kupamba. Nilihofia utarudi na nyundo. Nilimwona dada mtu mzima, hana mume, hana mtoto, amehamishiwa chumba cha uani, anakaa kwa hisani ya mdogo wake, anaomba ruhusa ya kusogeza kiti. Hukuwahi kusema utanifanyia hivyo. Niliyasema mimi kwa niaba yako, kisha nikakukasirikia kwa kuyasema.

Jumamosi moja nilichukua msumeno wa baba, nikapanda juu ya stuli, nikaukata mti wako usawa wa kizingiti cha dirisha.

Ndiyo, mdogo wangu. Ni mimi.

Niliukata juu kidogo ya jicho la chipukizi, kwa mshazari ili maji yasituame, kama nilivyokuwa nafundisha darasani. Hata katika ubaya wangu nilibaki mwalimu. Sikutaka ufe. Nilitaka ungoje. Nilijiambia ni mara hii moja tu, nipumue, nijipange, halafu nitauacha. Baada ya wiki sita ulitoa machipukizi kumi na mawili, kila moja likiwa na haraka kuliko mama yao.

Basi nikakata tena mwaka uliofuata. Na uliofuata. Kila mvua zilipokwisha, stuli, msumeno, dirisha. Miaka thelathini na miwili.

Mtaa mzima ulidhani naukata kwa ajili ya dawa. Akishikwa mtu na mafua walikuja na vikapu, nikawagawia majani wakajifukize, wakanishukuru, wakaniita mama wa mtaa. Niliheshimika kwa dhambi yangu. Kuna watoto niliowasaidia kupumua vizuri kwa sababu sikutaka mdogo wangu arudi. Hilo nimelifikiria sana, na sijui Mungu ataliweka upande gani.

Nawe mwisho wa kila barua uliuliza swali lilelile: "Mti umefika wapi?" Nami nilijibu: "Umefika dirishani." Ona, hapo sikusema uongo. Kila mwaka ulifika dirishani, bila kukosa.

Uongo niliusema kwenye sababu. Mara udongo ni mgumu. Mara mvua ya mawe. Mwaka mmoja nilikuandikia kwamba mbuzi wameula wote mpaka shina. Ukanijibu, "Poleni. Mbuzi wenu ni majasiri." Nilidhani unatania tu. Mbuzi gani anakula mkaratusi? Hata ukimfunga kwenye shina lake atakula kamba.

Na kwa kuwa nilitaka uniamini, nilikutumia ushahidi. Kila mwaka niliweka jani moja ndani ya bahasha. Jani la mviringo, la rangi ya fedha, lenye vumbi jeupe linalobaki kidoleni. Nililichagua lililo zuri kuliko yote. Nilijiona hodari.

Kumbuka hayo majani. Nitayarudia kesho. Mama Vifungo amesimama mlangoni na vidonge, na ana uso wa askari.

Alhamisi.

Leo nina nguvu, kwa hiyo nitakuambia jinsi nilivyoacha.

Miaka minne iliyopita, mvua zilipokwisha, nilipanda stuli kama kawaida. Nilikuwa na miaka sabini na sita. Msumeno uligusa gome, stuli ikaamua vingine, nikajikuta chini katikati ya matawi, nimekaa kama kuku anayeatamia. Sikuumia. Mama Vifungo alitoka mbio na mkasi mkononi.

"Mwalimu, umeanguka?"

"Hapana. Nimekaa."

"Mbona stuli imekaa juu yako?"

Tulicheka tukakosa pumzi. Aliponiinua, aliuangalia mti, akauangalia msumeno, akauliza kwa nini mtu wa umri wangu anahangaika kuuzuia mti usikue. Nikafungua mdomo nimpe habari ya mafua. Lakini nilitazama nyumba nyuma yake. Chumba chako kimefungwa, cha baba kimefungwa, sebule ina viti sita na anayekaa ni mmoja. Nilikuwa nimeilinda nyumba miaka yote hiyo isije ikajaa.

Siku hiyohiyo nilifunga msumeno wa baba kwa shuka kuukuu, nikausukuma chini ya kitanda chako. Uko huko hadi leo. Meno yake nimeyamaliza mimi. Utakapokuja uyanoe.

Sikuuacha mti hivihivi, maana ungetoka kichaka. Nilichagua chipukizi moja lililonyooka, lenye shingo nene, lililoshika vizuri kwenye shina. Mengine niliyaondoa kwa mkasi wa bustani, machache machache, mti usishtuke. Nililifunga kwa kitambaa laini kwenye mti wa kuegemea, fundo lisilokaza, nikalifungua lilipoweza kusimama lenyewe. Nilipalilia tena lile duara. Kiangazi nilimwaga maji mbali kidogo na shina, mizizi iyafuate. Kwa mara ya kwanza tangu nishike msumeno nilikuwa mtunzaji wa mti wako, wala si mlinzi wa gereza lake.

Ungeuona ulivyojibu. Ni kama mtu aliyefungwa mdomo miaka thelathini akapewa ruhusa ya kuongea. Ulipita dirisha, ukapita kizingiti cha juu, ukapita ukingo wa bati, ukapita kofia ya paa, na haukuangalia nyuma. Gome linabanduka kwa vipande virefu, na chini yake shina ni laini, lina rangi ya maziwa na kijivu. Mvua ikinyesha harufu inaingia mpaka kabatini. Shati ninalovaa leo linanukia mti wako.

Fundi wa paa alipotangaza yale, Mama Vifungo alitaka vipimo kamili. Alitoka na futi yake ya kupimia nguo, akalizungushia shina.

"Kiuno hiki ni cha bibi harusi aliyeshiba," akasema.

"Na urefu je?" akauliza fundi.

"Urefu panda wewe, si ndiyo kazi yako? Mimi napima wanaojishughulisha kuja chini."

Alishuka haraka, Msumari. Sijapata kuona fundi akishuka ngazi namna ile.

Halafu mwaka huu, mwezi wa pili, umechanua. Hukuwahi kuuona ukichanua, nami sikuwahi, kwa kuwa nilikuwa naukata kabla haujapata wazo hilo. Vikofia vidogo vya matumba vinadondoka kwenye bati kama mtu anamwaga mchele, kisha yanatoka maua meupe kama brashi ndogo za kunyolea. Nyuki wamekuja kutoka sijui wapi. Kutwa nzima mti unanguruma. Nakaa kwenye kiti changu cha mlangoni nikisikiliza cherehani upande huu na nyuki upande ule, na nakuambia kweli, mwenye moyo mzima hana raha zaidi yangu.

Ila mahali nilipokuwa nakata, usawa wa dirisha, pana nundu kubwa kama ngumi. Miaka thelathini na miwili ya msumeno imejikunja hapo. Hata kama nisingeandika barua hii, ungefika, ungeiwekea mkono, ungejua. Wewe ni seremala.

Na hapo ndipo ninapokuja kwenye majani.

Wiki tatu zilizopita Mama Vifungo aliokota jani uani, akaniletea. "Mwalimu, mti wako umebadilisha nguo. Haya si yale ya zamani." Lilikuwa refu, jembamba, limepinda kama mundu, kijani kilichoiva. Nililishika, nikahisi masikio yanapata moto. Hilo ni somo la kidato cha pili. Nimelichora ubaoni kwa chaki mara zisizohesabika: mkaratusi mchanga una majani ya mviringo ya rangi ya fedha, na ukikomaa unatoa marefu. Ukiukata unarudi utotoni, unatoa ya mviringo tena. Mtoto yeyote aliyepita mikononi mwangu anajua. Nami nimekuwa nikimtumia seremala, mtu anayeshika mbao kila siku ya maisha yake, jani la mtoto, kila mwaka, kwa bahasha, na stempu nikalipia.

Nilimwambia Mama Vifungo alete sanduku la barua zako, tukazisoma moja baada ya nyingine. Ya mwaka wa kumi na moja ilikuwa na mistari ambayo niliwahi kuipita haraka: "Dada, jani nimelipata. Ni changa mno kwa umri wake. Usiuharakishe mti. Kaa salama na nyumba."

Alipoisoma, akaisoma tena bila kuambiwa. Cherehani haikulia tena mchana ule.

Ulijua. Tangu mwaka wa kumi na moja, labda tangu mbuzi wale majasiri, ulijua ni nani anayekula mti wako. Hukuniumbua. Uliendelea kuuliza umefika wapi, mwaka baada ya mwaka, ili nipate mahali pa kujibu. Uliniachia nyumba bila kunivunjia heshima, nami nikadhani nimekushinda akili.

Au huenda nawe ulikuwa na sababu zako. Huenda ulikuwa na kazi, na wifi, na watoto, na hukutaka kurudi kwenye meza ile, na mti mfupi ulikufaa. Kama ulijificha nyuma ya mti uleule, basi tulikuwa wawili, na ndiyo sababu mti ulinenepa vile nilipouachia. Niambie ni lipi. Sitaweka alama.

Naomba unisamehe. Nisamehe kwa kukata, nisamehe kwa mbuzi, nisamehe kwa kuwafanya watoto wako wamjue shangazi yao kwa mwandiko tu. Nilimwogopa mtu ambaye alikuwa tayari amenipa nilichoogopa kunyang'anywa.

Sasa sikiliza. Sikuiti kwa sababu nakufa. Ukija kwa ajili hiyo utakuja na uso mrefu, na hapa hatuna nafasi ya uso mrefu, tuna harusi mbili tatu za kushonea, na huenda nyingine ya humu ndani. Nakuita kwa sababu mti umepita paa. Hilo ni neno lako, si langu. Ulisema utarudi tukae mezani kama watu wazima. Wewe una miaka sitini na minane. Nadhani tumefika.

Chumba chako kimefunguliwa. Kimefagiliwa, godoro limeanikwa, dirisha linaangalia mti. Kwa wakili nimeandika kwamba nyumba ni yako, isipokuwa chumba cha mbele ni cha Mama Vifungo mpaka atakapotaka mwenyewe kuondoka, au mpaka fundi apate ujasiri wa kuja Jumamosi. Na ule ukuta wa jikoni bado umesimama. Nimeutazama miaka thelathini na minane na sasa umenichosha. Njoo na nyundo yako. Nitakaa kwenye kiti changu nikuonyeshe uanzie tofali lipi.

Na kama mwili wako hauruhusu, au wifi mgongo haujapona, andika tu, nami nitaelewa. Ila andika upesi, na uandike kwa herufi kubwa.

Nisalimie wifi yangu sana. Mwambie namshukuru kwa kukulisha mayai. Nisalimie binti yako mkubwa wa benki, na kaka yake dereva, na yule kitinda mimba anayecheza muziki ambao hamwelewi. Mwambie shangazi yake anaishi na nyuki na cherehani, ataelewa. Yule mjukuu wa miwani mwambie hapa kuna miwani mitatu na viatu vingi. Mama Vifungo anakusalimu, anasema ukija usishangae ukikuta kifungo kwenye chai. Fundi wa paa anakusalimu pia. Yuko juu sasa hivi, na leo hata si Ijumaa.

Mungu akulinde njiani na nyumbani, akupe mikono isiyotetemeka na watoto wasiokuachia kiti kitupu. Na kama kuna jema lolote nililowahi kulitenda chini ya mti huu, naomba alihesabu kwako.

Barua zote za nyuma nilikuwekea jani la mviringo. Leo nimeweka refu. Lilikuwa halienei kwenye bahasha, ikabidi nilikunje.

Wako akupendaye tangu ulipokuwa huli mayai,

Dada.